Waya wa Fumba

Kijiji cha Fumba kipo kusini magharibi ya Unguja, pale nchi inapojichoma baharini kuelekea Mrima. Anayefuatilia muziki wa kisiwa hiki atakutana nacho mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye miaka ya 1880, alipozaliwa pale Siti binti Saad. Mara ya pili ni mwaka 1980, waya mzito wa umeme uliotandazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, ulipoibukia Ras Fumba. Katika miaka mia iliyopita kati ya mawili hayo, muziki wa mjini ulitoka kwenye kutegemea kifua na vidole tu, ukafika kwenye kutegemea waya, soketi na fundi mitambo. Mpiga gitaa wa leo anayepanda jukwaani Ngome Kongwe na gitaa lenye kompyuta tumboni ni mtoto wa historia hiyo, ajue asijue.

Tuanzie kwa Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888. Masimulizi ya taarabu yanasema ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Aliporudi, akawa anampigia Sultani kasrini. Kanuni ni chombo cha nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na sauti yake ni nyembamba. Katika ukumbi wenye mazulia na watu waliokaa kimya kwa adabu ya ikulu, hilo halikuwa tatizo. Waliounda klabu ya Ikhwani Safaa mwaka 1905 waliufuata muziki wa aina hiyo hiyo: udi, kanuni, fidla na nai, wasikilizaji wamekaa, na anayetaka kumtunza mwimbaji anakwenda taratibu. Nguvu ya sauti haikuwa swali la mtu yeyote.

Siti alitoka upande mwingine kabisa. Alikuwa binti wa watu waliopitia utumwa, aliyetembeza vyungu mjini huku akinadi kwa sauti, kabla ya kukaa Ng'ambo na kujifunza kuimba kwa kufuata vyombo. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Wakati ule kurekodi kwa maikrofoni na umeme ndiyo kwanza kulikuwa na miaka mitatu duniani. Kabla ya 1925 mwimbaji alisogeza mdomo kwenye pembe kubwa ya bati na kutoa pumzi zake zote, na udi au kanuni iliyokaa nyuma yake ilisikika kwa mbali tu kwenye santuri. Maikrofoni ilibadilisha mizani hiyo. Sijui kama tunalitafakari vya kutosha: taarabu ya Kiswahili ilisambaa pwani nzima kupitia santuri katika kizazi kile kile ambacho mashine zilijifunza kusikia vitu vyenye sauti ndogo.

Redio ikafuata, Sauti ya Unguja ikianza 1951, na mikahawa yenye spika ukutani ikawazoesha watu kuusikia muziki ambao wapigaji wake hawapo. Lakini klabuni bado ilikuwa ni mkono na mbao.

Gitaa la umeme liliingiaje? Watu wengi hudhani lilitoka Ulaya na Marekani, likaja kuchafua muziki wa watu wazima. Kalenda inasema vingine. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Haukupita mwezi, mwanzoni mwa Februari, mwimbaji wa Misri Umm Kulthum alisimama jukwaani Cairo na kuimba Enta Omri, wimbo aliotungiwa na Mohamed Abdel Wahab, na ndani ya okestra ile mlikuwa na gitaa la umeme. Cairo ndiyo iliyokuwa kibla cha mafundi wa taarabu tangu enzi za Barghash. Kama Abdel Wahab amelikubali gitaa kando ya kanuni, nani mjini Unguja angesema ni haramu ya muziki? Tanga, Black Star Musical Club walikuwa katika miaka hiyo hiyo wakiipiga taarabu kwa magitaa na besi ya umeme, na mtindo wao ulisikika pwani yote. Mwaka huo wa 1964 pia familia moja ya Kiparsi, akina Bulsara, ilihama Mji Mkongwe kwenda Uingereza, na kijana wao akaja kuwa Freddie Mercury. Watalii huulizia nyumba yake kila siku. Kwa gitaa la Unguja, hata hivyo, nyumba ya kuulizia ipo Cairo.

Baada ya Mapinduzi klabu ziliingia chini ya kivuli cha serikali. Kundi lililoanza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana likaja kuwa Culture Musical Club, au Mila na Utamaduni, na vyombo vikawa mali ya umma. Bara ilikuwa hivyo hivyo: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya 1978 ikawa chini ya shirika la DDC, Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana. Jambo hili linaeleza mengi kuliko mitindo yote ya dansi ikijumlishwa. Mpiga solo mahiri angeweza kutikisa ukumbi Jumamosi, na Jumapili akaamka bila gitaa nyumbani, kwa sababu gitaa, amplifaya na spika vilifungiwa stoo ya mwajiri. Ndiyo maana wanamuziki walihama bendi kwa makundi: aliyetangaza kupata "vyombo vipya" alipata na wapigaji. Sauti ya mtu ilikuwa ya amplifaya aliyoikuta. Akihama, anaiacha.

Turudi Fumba. Waya wa 1980 ulikuwa na uwezo wa megawati 45, urefu wa karibu kilomita 40, na kabla yake mji uliishi kwa jenereta za dizeli. Sitaki kusema kuwa waya ulileta muziki mpya siku ile ile ulipowashwa, kwa kuwa haukuleta. Kulikuwa na umeme zamani, kulikuwa na vipaza sauti, na Televisheni ya Zanzibar ilikuwa hewani kwa rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kilichobadilika ni kwamba umeme ulifika mitaani na mashamba kwa wingi, kiasi cha harusi ya kawaida kuweza kuwasha mitambo. Halafu katikati ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, na jamaa waliokwenda Dubai na Muscat wakaanza kurudi na maboksi.

Ndani ya maboksi hayo mlikuwa na kinanda.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu simulizi la vyombo vya kuigiza sauti huwa linaanzia mahali pasipo pake. Wapenzi wa gitaa husema mambo yalianza na kampuni ya Line 6 ya California, iliyotoa kifaa kiitwacho POD mwaka 1998 cha kuigiza amplifaya, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 gitaa la Variax, ambalo ni gitaa moja linalojifanya magitaa mengi. Kwa Unguja hilo lilikuwa limekwisha kutokea. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu vilikuwa na kitufe cha sauti ya kanuni, kitufe cha udi, cha nai, cha akodiani, cha kundi zima la fidla na cha ngoma. Zaidi ya hapo, vilikuwa na vitufe vya kushusha sauti kwa robo. Hilo si pambo. Maqamu kama Rasti na Bayati yana sauti zinazokaa katikati ya vipande viwili vya piano, na kinanda cha kawaida cha kanisani au cha skuli hakizipati hata ukikipiga nyundo. Kinanda cha Dubai kilizipata. Mtu mmoja akakaa mahali pa watu kumi.

Matokeo yake yalionekana katika miaka ya 1990. East African Melody walikuja na mtindo ambao mitaa iliuita rusha roho, na Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ikamchukua Khadija Kopa, sauti iliyotokea Culture Musical Club. Kinanda, gitaa la solo, gitaa la besi na ngoma za mashine vikatosha. Wasikilizaji hawakukaa tena. Walisimama, wakacheza, wakaenda mbele kumtunza mwimbaji kwa noti na kumuelekezea mwenzao mashairi makali, na kwa kazi hiyo sauti ilibidi iwe kubwa. Katika Salama Hall pale Bwawani, spika ziliwekwa kwa ajili ya watu wenye vigelegele. Mzee Yusuf, Mzanzibari, baadaye akaunda kundi la Jahazi na kuusukuma mtindo huo hadi bara nzima ikaujua.

Wapiga fidla walipoteza kazi. Husemwa kwamba watu walichoka na muziki wa zamani, na pengine ni kweli kidogo, lakini mimi naona hesabu ya harusi ndiyo iliyoamua: kumlipa mpiga kinanda, mpiga gitaa na waimbaji wawili, dhidi ya kulipa na kubeba okestra ya watu ishirini kwenye lori. Gitaa lenyewe lilinusurika kwa sababu moja tu. Vinanda vile viliigiza kila kitu vizuri isipokuwa gitaa la solo. Uzi unaovutwa na kutetemeshwa kwa kidole una tabia ambayo kitufe hakikuweza kuifikia, na masikio yaliyolelewa na Mlimani Park na bendi za Kikongo yaliigundua hila hiyo mara moja.

Basi mpiga gitaa alibaki jukwaani, lakini jukwaa lenyewe lilikuwa na matatizo ya kwake. Mtazame anapofika kwenye harusi Ng'ambo au hoteli ya Paje. Anatafuta soketi. Soketi zetu ni za Kiingereza, miguu mitatu, na ule wa juu ni wa ethi. Amplifaya yake imetoka Ulaya au Dubai ikiwa na plagi ya miguu miwili. Fundi anachukua kijiti cha kiberiti, anakisukuma kwenye tundu la juu ili vile vizibo viwili vya chini vifunguke, kisha anaichomeka plagi. Muziki unawaka. Ila ethi haipo tena, kijiti ndicho kimekaa mahali pake. Kinachofuata kila mpigaji wa kisiwani anakijua: gitaa linatoa mvumo kama mzinga wa nyuki, mtetemo wa mara 50 kwa sekunde unaotoka kwenye umeme wenyewe, na mvumo unapungua akigusa nyuzi, unarudi akiziachia. Akisogeza mdomo kwenye kipaza sauti cha mitambo ya mtu mwingine huku vidole viko kwenye nyuzi, midomo inapigwa shoti. Wapo wanaofunika kipaza sauti kwa sponji, na mgeni akadhani ni kwa ajili ya upepo.

Mvumo huo unatokana na jinsi gitaa la umeme linavyosikia. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, nyuzi za chuma zikitetemeka zinatikisa uga wa sumaku, na waya unapata umeme mdogo. Lakini waya huo hauchagui: unapokea pia taa za mapambo, jenereta na transfoma ya kinanda. Gitaa la kuigiza limeacha njia hiyo. Linaweka kihisio kidogo chini ya kila uzi, pale nyuzi zinapokalia daraja, kinachohisi msukumo wa uzi badala ya sumaku. Kila uzi unakwenda kwenye kompyuta peke yake, na kompyuta inakokotoa gitaa fulani lingesikikaje: la mbao nene, la tumbo tupu, la nyuzi kumi na mbili. Mvumo wa taa unapungua sana. Shoti ya kijiti cha kiberiti inabaki pale pale, maana kompyuta haina habari na ethi.

Orodha ya sauti ndani ya gitaa la aina hiyo inachekesha kidogo kwa mtu wa pwani. Mna banjo. Mna sitari ya umeme. Udi hamna, na kanuni hamna. Waliolibuni walifikiria rekodi walizokua nazo wao, na ni haki yao. Lakini hata wangeutia udi, kazi isingekamilika, kwa sababu shingo ya gitaa ina vyuma vinavyokata sauti kwa nusu nusu, na shingo ya udi ni tupu: kidole kinasimama popote kinapotaka, Rasti ikiwemo. Fundi mzuri wa gitaa huivizia ile robo kwa kuuvuta uzi pembeni, na hilo ni ujuzi wa kidole ambao hauuzwi ndani ya kifaa.

Umeme nao ulikuwa na ya kwake ya kusema. Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Disemba 2009 waya ukafeli tena, na safari hii kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010, miezi mitatu. Maji ya bomba yalikatika kwa kuwa pampu zilisimama, mahoteli yakawasha jenereta, na wenye uwezo mdogo wakarudi kwenye kandili. Katikati ya giza hilo, Februari 2010, tamasha la Sauti za Busara lilifanyika kama kawaida Ngome Kongwe, likiendeshwa na jenereta.

Jenereta ina hatari ambayo wapigaji wa vifaa vya kidijitali waliijua kwa maumivu. Umeme wake hupanda na kushuka kila mzigo unapobadilika. Amplifaya ya zamani ya valvu volti zikishuka inanyong'onyea, inaendelea kupiga kwa sauti iliyochoka. Kompyuta hainyong'onyei, inazima na kuwaka upya, na wimbo hauisubiri. Stebilaiza zikawa sehemu ya begi la mpiga gitaa kama vile nyuzi za akiba. Harusi za mitaani, wakati huo, zilikuwa na ndugu wa zamani wa kutegemea: kidumbaki, chenye ngoma zake mbili ndogo, cherewa, fidla, na sanduku la chai lenye fimbo na uzi mmoja linalofanya kazi ya besi. Hakuna kinachochomekwa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuimba kwa miongo mingi, angeweza kutawala uwanja kwa ngoma aliyoifunga kiunoni na koo lake, umeme uwepo usiwepo. Mwaka huo wa 2013 waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia shirika la MCC, ulianza kazi, na ulipita njia ile ile hadi Fumba.

Sauti za Busara ilianza Februari 2004, na tangu mwanzo ilishikilia kwamba muziki lazima upigwe papo hapo, bila kuwekewa sidii nyuma. Sharti hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyosikika. Katika miaka ya rusha roho na bongofleva mpiga chombo alikuwa amekwisha kuwa gharama isiyo ya lazima, na ghafla kukawa na jukwaa mjini linalomtaka. Miaka miwili kabla, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilifungua milango Forodhani, katika jengo la forodha ya zamani, kikifundisha udi, kanuni, fidla na akodiani kwa vijana ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuvigusa. Kwa hiyo katika miaka hiyo hiyo California walikuwa wanajifunza kulifanya gitaa lijifanye vyombo vingine, na Forodhani watoto walikuwa wanajifunza vyombo vyenyewe. Wote wakaja kukutana Ngome Kongwe.

Ngome yenyewe ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Ni nzuri kwa macho, ni ngumu kwa fundi mitambo. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 17 kutoka kwenye spika humrudishia msikilizaji noti ile ile baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ngoma inakuwa ngoma mbili. Tatizo kubwa zaidi lipo juu ya jukwaa. Weka kanuni, udi na fidla nne, kila kimoja na kipaza sauti chake kilichofunguliwa sana kwa kuwa vyombo ni vya upole. Sasa weka nyuma yao amplifaya ya gitaa iliyofunguliwa hadi mpigaji ajisikie. Vipaza sauti vya kanuni vinasikia gitaa kwanza, kanuni baadaye. Fundi akiongeza kanuni anaongeza gitaa, na spika zinaanza kupiga filimbi.

Hapa ndipo nadhani kifaa cha kuigiza kilipata kazi yake ya kweli Unguja, kazi ambayo hakuna tangazo la biashara lililoitaja. Gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye miksa. Amplifaya iko ndani ya kompyuta, haipo jukwaani, na mpigaji anajisikia kwenye monita ndogo au masikioni. Jukwaa linanyamaza. Kanuni inapata kipaza sauti chake peke yake kwa mara ya kwanza tangu gitaa la umeme lilipoingia taarabu. Wakongwe wanalalamika kwamba sauti ya kuigizwa haina mwili, na nikisimama mita mbili mbele ya amplifaya nzuri ya valvu nakubaliana nao. Ila kwenye ngome, msikilizaji aliyesimama safu ya ishirini hajawahi kuisikia amplifaya hiyo. Anasikia miksa.

Faida nyingine ni ya mgongo. Amplifaya ya valvu yenye spika mbili ina uzito wa kilo 25 au 30, na anayepiga Jumanne Nungwi, Alhamisi Paje na Jumamosi mjini hawezi kuipandisha kwenye bodaboda. Kifaa cha miguuni kinaingia begini pamoja na nyuzi, na nyuzi anazihitaji nyingi, kwa kuwa upepo wa chumvi unazitia kutu ndani ya wiki chache. Kwa mara ya kwanza pia sauti ni yake. Akihama bendi anaondoka nayo.

Majaribio ya sauti kabla ya onesho husimama adhana inapoanza, halafu huendelea kwa mbio kwa sababu jua linazama. Ngoma huchukua muda mrefu, besi muda mfupi. Mpiga gitaa anakanyaga kitufe, fundi ananyanyua dole gumba, imekwisha. Zinazobaki ni zile nyuzi sabini na zaidi za kanuni, zilizolegea tangu adhuhuri kwa unyevu wa bahari, na mpigaji wake anazikaza kwa ufunguo tatu baada ya tatu, huku mwendesha ratiba akiwa pembeni akimuuliza amebakiza ngapi.